Tangazo Ni la Nani?

Pita mitaa ya Dar es Salaam, iliyopimwa na isiyopimwa, hutakosa ukuta ulioandikwa kwa rangi, herufi kubwa za mkono: NYUMBA HII HAIUZWI. Mgeni anaweza kucheka. Nani anatangaza kitu ambacho hakiuzwi? Lakini mwenye nyumba ana akili zake. Anajua nyumba inaweza kuuzwa yeye akiwa shamba, akiwa hospitalini, au akiwa amelala ndani yake. Kinga rahisi kuliko zote aliyo nayo ni macho ya wapita njia. Maneno yale hamwandikii tapeli, maana tapeli anajua tayari kwamba nyumba si yake. Anauandikia umma.

Kuna ukuta mwingine, ambao maneno yake hayakuwekwa na mwenye nyumba. Huo umebandikwa karatasi ya dalali: nyumba itauzwa kwa mnada wa hadhara, tarehe fulani, saa nne asubuhi, kwa maelekezo ya benki. Mara nyingi karatasi hiyo ndiyo inayopelekwa mahakamani baadaye. Mdaiwa anasema ilibandikwa siku kumi badala ya kumi na nne, au haikubandikwa kabisa, au gazeti lilitaja kiwanja kisicho chake, na kwa hiyo mnada ni batili. Swali langu ni la maadili kabla halijawa la sheria. Mtu aliyekopa, akashindwa kulipa, akajua fika kwamba anadaiwa, ana haki gani ya kulalamika kuhusu karatasi?

Jibu la haraka linajulikana. Dawa ya deni kulipa. Muulize yeyote kwenye daladala, atakwambia: alikula hela za watu, sasa anatafuta visingizio. Jibu hili si la kijinga. Fedha iliyokopeshwa haikuota mtini. Ni akiba ya mwalimu aliyestaafu, ni mauzo ya wiki ya mwenye duka, ni amana za watu waliojinyima. Kesi inayosimamisha mnada kwa miaka mitatu inalipwa na mkopaji anayefuata, atakayetozwa riba kubwa zaidi au kunyimwa kabisa. Na wapo, tuseme ukweli, wadaiwa wanaosoma tangazo la mnada kwa lengo moja tu: kutafuta tarakimu iliyoruka kwenye namba ya kiwanja ili wapate zuio la muda na kuendelea kukaa. Anayetetea haki ya tangazo bila kuwaona watu hawa hajaliona tatizo lenyewe.

Hata hivyo, jibu hilo limejengwa juu ya dhana moja ambayo hatuisemi kwa sauti: kwamba tangazo ni la mdaiwa. Kama ni lake, basi kweli, akishajua anadaiwa, tangazo linamwambia nini kipya? Lakini soma sheria uone inazungumza na nani.

Tanzania Bara, anayeweka ardhi rehani ana notisi yake mwenyewe. Sheria ya Ardhi, kifungu cha 127, inaitaka benki imwandikie mkopaji kwamba ameshindwa kulipa, imweleze anachotakiwa kufanya, na impe siku 60 kabla haijaanza kutumia haki ya kuuza. Hiyo ni barua baina ya wawili. Tangazo la mnada linatoka kwenye sheria nyingine kabisa, ile inayosimamia madalali wa mnada, Sura ya 227, iliyorithiwa kutoka kwa mkoloni. Kifungu chake cha 12 kinasema ardhi isiuzwe mnadani mpaka zipite angalau siku 14 tangu umma ujulishwe, katika mji mkuu wa wilaya ilipo ardhi hiyo na pia mahali mnada utakapofanyika. Tangazo liwe kwa Kiswahili na Kiingereza. Litaje jina la mmiliki na mahali anapoishi. Kisha kuna sharti ambalo nililisoma mara tatu nilipokutana nalo: tangazo lisiishie kwenye maandishi, bali litolewe pia kwa njia nyingine inayoeleweka na watu wasiosoma.

Sharti hilo lina maana gani kama tangazo ni la mdaiwa? Mdaiwa alishatia saini mkataba wa mkopo na barua yake alishapewa. Mji mkuu wa wilaya unamhusu nini, yeye anayeishi ndani ya nyumba yenyewe? Na jina lake liandikwe ili nani alijue, wakati yeye analijua? Kila sharti la kifungu kile linawatazama watu wengine: jirani, mnunuzi wa mbali, mpangaji, ndugu, mzee asiyejua kusoma lakini mwenye ng'ombe wa kutosha kununua nyumba mbili. Aliyeandika sheria ile alikuwa mtawala wa kigeni aliyetawala bila ridhaa ya wengi, na bado alielewa kwamba mnada wa hadhara bila hadhara ni jina tu.

Waliotutangulia walilielewa hilo bila kuandikiwa. Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Mbiu ilikuwa pembe, na uzuri wa pembe ni kwamba haichagui masikio. Haikuwezekana kupiga mbiu ikamfikia mtu mmoja tu, wala kuipiga mji mzima ukabaki umelala. Karatasi inaweza kufanya yote mawili.

Katika mtaa niliokulia, Morogoro, aliishi mjane mmoja aliyeweka nyumba yake dhamana kwa mkopo wa biashara ya nafaka. Mwaka wa kwanza mvua zilikataa, mwaka wa pili bei ikaanguka. Karatasi ya mnada ikabandikwa kwenye geti lake, kwa Kiingereza. Tangazo likatoka katika gazeti la Kiingereza, ambalo mtaani kwetu hufika likiwa limefungia maandazi. Hakuna gari lililopita na kipaza sauti. Mwenyekiti wa mtaa hakuletewa hata nakala. Ile karatasi ya getini ilikaa saa chache tu, kwa sababu mama yule aliibandua mwenyewe kabla watoto hawajarudi shule, akaiweka chini ya godoro.

Mnada ulifanyika Jumamosi asubuhi. Walikuwepo watu wanne, na wawili kati yao walifika kwenye gari moja na dalali. Sisi majirani tulijua siku makabati yalipotolewa nje. Shemeji yake, mwenye malori mawili, alikuja jioni akishika kichwa: ningejua mimi! Sikumwamini sana. Baada ya msiba kila mtu alikuwa njiani kuleta dawa. Lakini kulikuwa na mwingine, mwalimu wa ng'ambo ya barabara, ambaye mwezi uleule alikuwa akitafuta nyumba ya kumhamishia mama yake mzazi, na wiki tatu baadaye alinunua mahali pengine kwa bei inayozidi ile ya mnada karibu mara mbili. Huyo hakusema ningejua. Alisimama tu kwenye baraza lake akiangalia makabati.

Nilimuuliza mama yule, miezi mingi baadaye, kwa nini hakutuambia. Nilimwamkia, nikakaa, nikauliza kwa kuzunguka. Alinijibu: "Mwanangu, deni unalianzia wapi kulisema?"

Mwenye jibu la haraka ataona hapa ushahidi wake. Karatasi ililetwa. Aliyeibandua ni mwenyewe. Sasa analalamikia nini? Mimi naona kinyume chake. Kama tangazo lingekuwa mali yake, angekuwa na haki ya kulificha, kama mtu anavyoweza kuficha barua yake. Lakini halikuwa lake. Lilikuwa la mwalimu wa ng'ambo ya barabara, la shemeji, la sisi sote. Aibu yake ilieleweka, na ndiyo sababu kazi ya kutangaza haikuachwa mikononi mwake. Sheria imemkabidhi dalali, mtu asiye na aibu katika jambo hilo, na kumtaka atumie njia zaidi ya moja kwa sababu karatasi moja hubanduliwa. Hubanduliwa na upepo, na watoto, na mvua, na wenye nyumba wanaoona haya.

Kwa nini umma unahitajika? Sababu ya kwanza ni bei. Benki inadai kiasi fulani. Nyumba ikiuzwa kwa zaidi, ziada ni ya mkopaji. Ikiuzwa kwa pungufu, deni linabaki shingoni mwake. Benki ikisharudisha chake haina sababu kubwa ya kuhangaika kupata zaidi. Sheria inajua hili: kifungu cha 133 cha Sheria ya Ardhi kinaitaka benki ijitahidi kupata bei nzuri inayowezekana, na bei ikiwa chini ya ile ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, inadhaniwa imekiuka wajibu huo mpaka ithibitishe vinginevyo. Lakini bei nzuri haipatikani kwa nia njema ya dalali. Inapatikana kwa watu wanaotaka kitu kilekile wakisimama uwanja mmoja. Anayepunguza wasikiaji wa tangazo amepunguza bei kabla ya mnada kuanza, hata kama nyundo itapigwa kwa haki kabisa.

Sababu ya pili ni nzito zaidi, ingawa haina tarakimu. Kuuza nyumba ya mtu bila ridhaa yake ya siku hiyo ni tendo kali. Tunaliruhusu kwa kuwa aliahidi, na kwa kuwa bila ruhusa hiyo hakuna atakayemkopesha asiye na kitu kingine. Lakini tendo kali tunaloliruhusu tunataka lifanyike mchana, mbele za watu, ili yeyote mwenye neno aseme. Mke ambaye saini yake ilighushiwa kwenye fomu za rehani ya nyumba ya ndoa, ambayo sheria inataka aridhie, anaweza kuwa hajui lolote mpaka alisikie tangazo. Watoto wa marehemu ambao mmoja wao aliweka rehani nyumba ya urithi, vilevile. Tofauti kati ya kuuza na kunyang'anya, kwa macho ya anayetolewa kabati nje, ni ndogo mno. Mashahidi ni sehemu ya tofauti hiyo.

Lakini kiasi gani cha kutangaza kinatosha? Hakuna anayeweza kuhakikisha kila sikio limesikia. Hapa jibu lililonisaidia limetoka mbali, kwenye Mahakama ya Juu ya Marekani, katika mashauri ambayo hayakuhusu benki inayouza rehani bali swali hilohilo la kujulisha. Mwaka 1950, katika shauri la Mullane, benki iliyosimamia fedha za amana za watu wengi ilikuwa imewatangazia gazetini tu kwamba hesabu zao zinapelekwa mahakamani, huku anwani za wengi ikiwa nazo mezani. Jaji Robert Jackson akaweka kipimo: kujulisha kwa kutimiza desturi tu hakutoshi, njia iwe ile ambayo mtu anayetaka kweli kumjulisha mwenzake angeitumia. Kwa wasiojulikana walipo, gazeti linatosha. Kwa wale ambao anwani zao unazo, haliwezi kutosha.

Mwaka 2006 kipimo hicho kilitumika katika shauri la Jones dhidi ya Flowers, kutoka jimbo la Arkansas. Mtu alikuwa amelipa mkopo wa nyumba yake kwa miaka 30, na kampuni iliyomkopesha ndiyo iliyokuwa ikimlipia kodi ya jengo. Mkopo ulipoisha, kodi ikaacha kulipwa. Serikali ya jimbo ikatuma barua ya rejista, ikarudi haijachukuliwa. Ikatangaza gazetini, ikatuma nyingine, nayo ikarudi. Kisha nyumba ikauzwa. Jaji Mkuu John Roberts alitoa mfano rahisi: afisa akimkabidhi tarishi barua, kisha akaziona kwa macho yake zikitumbukia mtaroni, je, atarudi ofisini na kusema kazi yangu nimemaliza? Barua iliyorudi mkononi mwako ni sawa na hiyo ya mtaroni. Ukishajua kwamba hujasikika, huwezi kuendelea kana kwamba umesema.

Kipimo hicho kule kinaibana serikali. Benki inayouza kwa mujibu wa mkataba inabanwa na sheria za jimbo. Lakini kama wazo la maadili hakina mpaka. Kinahamisha swali kutoka kwenye karatasi hadi kwenye nia: je, hivi ndivyo angefanya mtu anayetaka kusikika? Benki nyingi hutafuta wateja kwa ujumbe wa simu, kwa redio, kwa mabango, kwa vijana wenye fulana wanaosimama sokoni, na kwa Kiswahili cha mtaani kabisa. Taasisi inayojua kutupata namna hiyo wakati wa kukopesha haiwezi, wakati wa kuuza, kusema kwamba karatasi ya Kiingereza getini ndiyo njia iliyokuwepo.

Kipimo hicho pia kinamjibu yule mdaiwa mjanja niliyemtaja mwanzo. Tarakimu iliyoruka kwenye namba ya kiwanja, ilhali jina, mtaa na tarehe ni sahihi na watu 60 wamejaa uwanjani, haikumzuia yeyote kusikia. Kumpa zuio kwa kosa hilo ni kuiabudu karatasi, sawa na dalali anayedhani kubandika ni kutangaza. Lakini siku kumi badala ya 14, au mnada uliohamishiwa mahali ambapo hakuna aliyeambiwa, ni jambo jingine. Hapo asihojiwe mdaiwa peke yake kama alijua. Uhojiwe uwanja: nani alipaswa kuwepo na hakuwepo?

Anabaki mtu mmoja ambaye nimemkwepa mpaka sasa: mnunuzi. Huenda ni kijana aliyekusanya fedha miaka kumi, akanunua mnadani kwa nia njema. Kosa la dalali limhusu vipi? Sheria zetu zimechagua upande. Kifungu cha 135 cha Sheria ya Ardhi ya Tanzania na cha 99 cha Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012 vinafanana: mnunuzi hatakiwi kuchunguza kama notisi zilitolewa sawasawa, na akinunua bila kushiriki udanganyifu analindwa. Aliyeumizwa na uuzaji uliokiuka utaratibu anabaki na dai la fidia dhidi ya aliyeuza. Watoto wa yule mjane walikwenda kwa wakili na jibu walilopewa lilikuwa hilo. Nyumba imekwenda, mnachoweza kudai ni fedha, mkiweza kungoja kesi.

Naona sababu ya uamuzi huo. Bila ulinzi, wanunuzi makini wangekimbia minada na bei zingeporomoka zaidi, na wa kwanza kuumia angekuwa mkopaji. Ila uamuzi huo una gharama ambayo hatuihesabu. Kama baada ya nyundo kupigwa nyumba hairudi, basi siku zilizo kabla ya nyundo ndizo pekee ambazo nyumba, yenyewe na siyo thamani yake, inaweza kuokolewa. Kenya wamezirefusha siku hizo kwa hatua: miezi mitatu ya kurekebisha kosa, siku 40 za notisi ya kuuza, siku 45 ambazo dalali humpa mwenye mali akomboe, na mnada usiofanyika kabla ya siku 14 tangu tangazo la kwanza gazetini. Wengine huziona kama huruma iliyozidi kwa wadaiwa. Kwangu mimi ni malipo ya mlango utakaofungwa baadaye. Sheria inayomwambia mtu "ukichelewa hutasikilizwa kuhusu nyumba" inadaiwa kumwambia kwa sauti kubwa kwamba saa inakwenda, yeye na wote wanaoweza kumsaidia au kununua kwa bei ya haki. Kadiri inavyomlinda mnunuzi, ndivyo inavyopaswa kuwa kali juu ya tangazo.

Mtu anaweza kuuliza kama sijasahau aibu. Tangazo la sauti kubwa, lenye jina na makazi, ni fedheha, na mama yule angeteseka zaidi kama gari la kipaza sauti lingepita mlangoni kwake. Ni kweli. Siwezi kuipunguza gharama hiyo kwa maneno, na sitaki kusikia benki ikiitumia kama fimbo ya kukusanya madeni. Lakini ukimya ulimhifadhia nini? Aliificha karatasi wiki mbili, na siku ya kumi na tano mtaa mzima ukaliona godoro lenyewe likiwa barabarani. Fedheha ya mnada hailetwi na tangazo. Inakuja hata hivyo. Tofauti ni kama itafika wakati majirani bado wana la kufanya, au wakati hawana la kufanya zaidi ya kusaidia kubeba makabati.

Kwa hiyo, mdaiwa anaposimama mahakamani na kusema mnada haukutangazwa ipasavyo, nadhani tunakosea tukimwangalia yeye tu, mikono yake na deni lake. Huenda ni mjanja. Huenda ni mzembe. Lakini lalamiko analolileta si lake peke yake. Ameleta pia la mwalimu wa ng'ambo ya barabara, la mke ambaye hakuulizwa, la mzee asiyesoma ambaye sheria ya zamani ilimkumbuka. Wao hawapo mahakamani kwa sababu ileile inayolalamikiwa: hakuna aliyewaambia.